Chuma Chetu Kilikwenda Wapi?

Msimamishe mtoto yeyote wa shule huku kwetu, umwulize Shinyanga na Geita zina utajiri gani. Atakujibu bila kumeza mate: almasi, dhahabu, pamba, ng'ombe. Ndivyo tulivyofundishwa, ndivyo tulivyojibu kwenye mitihani, na kwa jibu hilo tukapewa alama. Hakuna aliyetaja nyundo. Hakuna aliyetaja fuawe, koleo wala mivukuto. Sasa hebu tuulizane, ndugu msomaji: hiyo dhahabu ilichimbwa kwa kucha? Hiyo pamba ilipandwa kwa vidole? Nyumba tulizozaliwa ndani yake, milango yake ilichongwa kwa meno?

Mimi si mwanahistoria. Nimemaliza kidato cha nne na ninaandika riwaya ambayo mpaka sasa haijapata mchapaji. Ndani ya riwaya hiyo yumo mhunzi. Nilipofika mahali pa kumwingiza kazini nikataka kujua anashika nini mkono wa kulia na nini mkono wa kushoto, nani anavukuta, chuma anakipata wapi. Nikaanza kuzunguka na daftari, kutoka Kahama hadi Nyarugusu, nikiuliza wazee na kuomba vitabu kwa waliokuwa navyo. Riwaya ikasimama, daftari likajaa. Haya ni baadhi ya yaliyomo.

Kwanza kabisa, chuma cha huku hakikuja kwa meli. Magharibi na kusini-magharibi ya Ziwa Viktoria watu wanafua chuma tangu yapata miaka 2,000 iliyopita. Kwa Wahaya, mwanaakiolojia Mmarekani Peter Schmidt aliwaomba wazee katika miaka ya 1970 wajenge tena tanuru kama walivyoiona ujanani mwao, na mwaka 1978 yeye na mwenzake Donald Avery wakaandika habari hizo katika jarida la Science. Wazungu wengi walishtuka. Wazee wenyewe sidhani kama walishtuka, kwani walikuwa wakifanya kazi waliyoijua.

Huku Geita na Uzinza kazi hiyo ilikuwa ya Warongo. Jina hili limewachanganya wengi. Ukisikia Warongo unadhani ni kabila, kama Wazinza au Wasumbwa. Kumbe lilikuwa jina la chama cha kazi. Watu wa koo na makabila mbalimbali waliingia humo kwa kufunzwa na kupitishwa kwenye miiko, na aliyekwisha kuingia akawa Mrongo. Ni kama leo unaposema "fulani ni fundi gereji", huulizi kabila lake. Schmidt huyohuyo aliwachunguza na hao pia, akaeleza kwamba kwao tanuru ilikuwa kama mwili wa mwanamke, na chuma kilichotoka humo kama mtoto. Kwa sababu hiyo wafuaji walijitenga na wake zao kwa siku zote za kuyeyusha. Aliyevunja mwiko aliweza kusababisha tanuru itoe takataka badala ya chuma.

Najua kuna kijana mwenzangu anacheka hapa. Acheke, lakini azingatie kazi yenyewe ilivyokuwa. Mawe ya chuma yanachimbwa na kupondwa. Miti inakatwa na kuchomwa makaa, mingi mno. Udongo unafinyangwa kuwa mirija ya kupitishia upepo. Mivukuto ya mti iliyofunikwa ngozi ya mbuzi inasukumwa kwa zamu bila kuacha. Upepo ukilegea moto unapoa, na tanuru iliyopoa kabla ya wakati huwezi kuiwasha upya ukaendelea pale ulipoachia. Kazi ya watu wengi, siku nyingi, na nafasi moja tu ya kupata au kukosa. Sasa watu wa namna hiyo utawaambiaje wasiwe na miiko? Hata welda wa leo hapendi mtu asimame nyuma yake akipiga soga.

Mashahidi wa kazi hiyo bado tunawakanyaga. Ukilima sehemu nyingi za Geita utakutana na vipande vyeusi, vizito, vyenye matundu kama mkate uliochachuka. Hayo ndiyo mavi ya chuma, takataka za tanuru. Watoto wanayarusha kwa manati. Nimeona nyumba moja ambayo msingi wake umejazwa hayo, na mwenye nyumba akaniambia ni mawe mazuri sana, hayali maji. Hakujua ni kitu gani, wala mimi sikuona sababu ya kumharibia raha ya msingi wake. Ila niliandika.

Chuma kikishatoka tanuruni kilikuwa bado bonge lenye uchafu. Mhunzi ndiye aliyekipasha tena moto na kukipiga hadi kikawa jembe, shoka, mkuki, kisu. Kati ya vyote hivyo mfalme alikuwa jembe. Majembe ya Uzinza yalibebwa mabegani hadi Usukuma na Unyamwezi, yakauzwa kwenye soko la Tabora pamoja na pembe na chumvi. Jembe lilinunua mbuzi, lilinunua nafaka, lililipia mahari. Kwa maneno mengine mtu alikuwa akilima kwa fedha yake. Noti ya leo uijaribu kulimia.

Halafu wakaja Wajerumani, kisha Waingereza, na majembe ya kiwandani yakafuata. Kule Wolverhampton, Uingereza, kampuni iitwayo Chillington ilitengeneza majembe yenye nembo ya mamba yaliyoenea sehemu nyingi za Afrika. Reli ya kutoka Tabora ikapita Shinyanga na kufika Mwanza mwaka 1928, mizigo ikawa rahisi. Jembe la meli lilikuwa rahisi kuliko la tanuru, kwani halikudai mtu akeshe akivukuta wala alale mbali na mkewe. Isitoshe, reli na magari vilileta chuma kingine: chuma kibovu. Mhunzi akiokota kipande cha reli au springi ya lori, ana haja gani tena ya kuchimba mawe? Tanuru zikazimika moja moja. Fuawe hazikuzimika. Vitabu vingi vinasema ufundi wa chuma "ulikufa" na ukoloni, nami hapo nakataa. Kilichokufa ni kuyeyusha. Kufua kuliendelea, na kunaendelea hadi hivi ninavyoandika.

Niseme kidogo juu ya shoka, maana bila shoka habari ya Shinyanga haieleweki. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Mwingereza ilipigana na mbung'o, na makao ya utafiti huo yalikuwa hapa Shinyanga chini ya bwana C.F.M. Swynnerton. Dawa iliyoonekana ni kufyeka pori ili mbung'o akose kivuli. Watu walitolewa kwa maelfu, chini ya watemi wao, kila mmoja na shoka au panga lake, wakaangusha miti maili kwa maili. Baadaye pamba ikafyeka iliyosalia. Mbung'o alirudi nyuma kweli. Lakini miti nayo ilikwenda, hata mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, kuwarudisha watu kwenye ngitili, malisho yaliyofungwa ili yaote upya kama walivyofanya mababu. Mzee mmoja alinieleza hasara hiyo kwa namna ambayo sijaiona katika ripoti yoyote. Alisema: "Mjukuu wangu, tulikata miti mpaka tukakosa mti wa kutia mpini kwenye shoka." Huo ndio ukweli wa mambo. Mpini mzuri sasa unaagizwa kutoka mbali kama kitenge.

Tuje kwenye migodi. Wajerumani walijua kuna dhahabu Geita tangu 1898, lakini mgodi mkubwa ulifanya kazi kuanzia 1936 hadi 1966, ukatoa karibu aunsi milioni 1. Mwadui nako, Mkanada John Williamson alipata almasi mwaka 1940, juu ya bomba la mwamba lenye eneo la hekta 146 hivi, mojawapo ya makubwa kabisa duniani. Kila mtu anajua habari ya almasi ya waridi aliyopewa Princess Elizabeth alipoolewa mwaka 1947. Mimi almasi hiyo hainisumbui. Ninayemtaka ni yule kijana wa Kisukuma aliyeingia langoni Mwadui hajawahi kuona spana, akatoka baada ya miaka kumi anajua kufungua injini na kuifunga.

Migodi hii ilikuwa shule ya ufundi isiyokuwa na ubao. Ndani ya uzio palikuwa na karakana za kila aina: mashine za kukereza chuma, za kutoboa, za kuchomelea, majiriwa yaliyofungwa kwenye meza ndefu, matupa ya kila ukubwa. Maneno yenyewe yaliingia vijijini pamoja na watu: spana, plaizi, grisi, bolti, nati, welda. Lakini vyombo vilibaki ndani. Mfanyakazi alipekuliwa langoni, Mwadui kwa ajili ya almasi, na aliyepekuliwa kwa ajili ya almasi hawezi kupita na bisibisi. Alitoka na ujuzi kichwani na mikono mitupu. Geita ilipofungwa mwaka 1966, mafundi wa namna hiyo walirudi makwao wakawa kama madereva wasio na gari.

Hapo ndipo penye jambo ninalolipenda kuliko yote katika habari hii. Wale waliotoka migodini walijua spana na hawakuwa nazo. Wale wahunzi wa vijijini walijua kufua na hawakuwahi kuona injini. Wakakutana. Mmoja akachora mchangani kitu anachokitaka, mwingine akakifua kwa springi ya lori. Zikapatikana spana zisizo na jina la kiwanda, nyundo za ekseli, patasi za springi, tindo za vyuma vya kuchimbia mgodini. Nimeshika jiriwa iliyotengenezwa hivyo. Skrubu yake imechongwa kwa tupa, jino moja baada ya jingine. Inabana. Haifungi sawasawa upande mmoja, lakini inabana.

Na haja ilikuwa kubwa. Mwaka 1974 Operesheni Vijiji ilipofika mkoani Shinyanga, watu waliondoka kwenye miji yao iliyotawanyika wakapelekwa vijijini kujenga upya. Sera yenyewe wameijadili wakubwa zangu, sina la kuongeza. Ila nimeuliza swali dogo: walijenga kwa nini? Wazee wananisimulia kwamba waling'oa milango na nguzo wakabeba, maana misumari ilikuwa haba. Msumari uliopinda ulinyooshwa juu ya jiwe ukatumika tena, na tena. Msumeno mmoja ulizunguka nyumba kumi. Timazi ilikuwa jiwe na uzi. Pima maji ilikuwa sahani yenye maji. Kila mwanamume alilazimika kuwa seremala kwa wiki mbili, hata ambaye Mungu hakumpa mkono huo, na zile nyumba zilizoinama mnazocheka ndizo kazi ya hao.

Serikali haikulala. SIDO iliundwa mwaka 1973 kusaidia viwanda vidogo, na kule Ubungo, Dar es Salaam, kikajengwa kiwanda cha zana za kilimo, UFI, kwa msaada wa China. Chama Cha Mapinduzi kilipozaliwa tarehe 5 Februari 1977 kikaweka jembe na nyundo kwenye bendera yake. Nyundo ikapepea kila ofisi ya kijiji. Tatizo ni kwamba baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nyundo halisi ilikuwa vigumu kuipata dukani, na jembe vilevile. Ukiwauliza akina mama wa umri wa bibi yangu watakwambia walivyosubiri jembe kwenye foleni ya duka la ushirika kama wanavyosubiri sukari.

Basi ni nani aliyewalisha wakulima majembe na vyuma vya plau miaka hiyo? Ni mhunzi chini ya mwembe. Usukuma ni nchi ya plau ya ng'ombe tangu pamba ilipopanda, na plau inakula chuma cha mbele kama mtoto anavyokula viatu. Mhunzi alikata springi akafua kingine. Pipa la mafuta likakatwa likawa mlango wa nyumba, likapigwa likawa karai, kikatoka na kigoda. Kopo likawa koroboi. Tairi likawa kandambili na ndoo ya kisimani. Hawa mafundi hawakuwa na cheti hata kimoja. Majaribio ya ufundi ya serikali yalikuwa na daraja la tatu, la pili na la kwanza, lakini kufua chuma cha plau kwa springi ya Bedford hakukuwa na karatasi ya mtihani.

Biashara ilipoanza kulegezwa mwaka 1984, zana zikarudi madukani, nyingi za bei ndogo kutoka China na India. Vijana wa leo wanazisema vibaya, eti nyundo inavunjika shingo siku ya kwanza. Zingine ni kweli. Lakini nawakumbusha kwamba kabla ya hapo fundi alikuwa anaazima msumeno kwa barua.

Wakati huohuo watu walikuwa wamerudi kwenye dhahabu. Nyarugusu, Mgusu, Rwamgasa, Bulyanhulu, vijana walifurika. Zana za duara zilikuwa zilezile za mhunzi: mtaimbo, sururu, tindo, nyundo, karai, kamba. Jiwe lilipondwa kwa nyundo na kutwangwa kwenye kinu cha chuma, na mara nyingi waliotwanga ni akina mama. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu. Mgodi mkubwa ukafunguliwa hapo mwaka 2001, na ule wa Geita mwaka 2000. Habari za 1996 zina ubishi mkali na wapo wanaozijua kuliko mimi. Nionalo upande wangu ni dogo: mtu anayeondoka kwa haraka anabeba mtoto na godoro. Mtaimbo unabaki shimoni.

Kisha likaja karasha. Kwa msiolijua, ni pipa nene la bamba la chuma lililolazwa, ndani yake gololi kubwa za chuma, linazungushwa kwa mkanda na injini ya dizeli. Unamwaga mawe yaliyopondwa, baada ya muda unatoa unga. Makarasha haya mengi yamekatwa na kuchomelewa hapahapa na welda wa Kahama, Geita na Katoro. Nikipita barabarani nikasikia ile ngurumo, huwa nafikiri kwamba Warongo wamerudi kwa mlango wa nyuma, wakiwa na miwani myeusi badala ya ngozi ya mbuzi.

Lakini karasha linasaga tu, halitoi dhahabu ungani. Kinachoitoa kwa mchimbaji mdogo ni zebaki. Inakamata dhahabu, kinabaki kidonge cheupe, na kidonge kinachomwa ili zebaki iruke. Watu wamekichoma kwenye majiko ya mkaa uani, wengine ndani ya nyumba, jiko lilelile la ugali, mtoto amekaa pembeni. Moshi wake hauonekani vizuri wala haukohozi kama wa kuni, ndiyo maana haumwogopeshi mtu. Unaingia kichwani na kwenye mishipa taratibu, mikono inaanza kutetemeka. Mradi wa Umoja wa Mataifa uliofanya kazi Rwamgasa kati ya 2002 na 2007 ulionyesha kwamba fundi wa kawaida anaweza kutengeneza ritoti, chombo cha kuchomea kilichofungwa, kwa viungo vya mabomba ya maji. Kidonge kinawekwa ndani, kinafunikwa, mvuke unapita kwenye bomba, unapoa na kurudi kuwa zebaki ya kutumiwa tena. Hakuna siri ndani yake. Welda anayetengeneza geti la nyumba anaweza kukitengeneza mchana mmoja.

Sasa kwa nini hazijajaa? Nilimwuliza fundi mmoja. Akanijibu kwamba amewahi kutengeneza, wateja wakamlalamikia kwamba hawaioni dhahabu yao inavyoiva humo ndani. Mtu aliyelala duarani wiki tatu hataki kuifungia dhahabu yake bombani asiione. Hilo nililielewa mara moja. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020, na sheria ni jambo jema, lakini nionavyo mimi mwenye tatizo hili mkononi ni fundi. Atuundie ritoti ambayo mchimbaji atakubali kuiamini. Mababu zake walikesha wakilinda tanuru wasiyoweza kuchungulia ndani.

Nimalizie na ya mwaka jana. Siku hizi wanunuzi wa chuma chakavu wanafika kila kijiji na mizani. Wanachukua vyungu vilivyotoboka, baiskeli, plau, na wamechukua pia fuawe, kwani fuawe ni nzito na inalipa. Nilikuwa kwa mzee mmoja mhunzi, si mbali na Nyarugusu, nikimwuliza maswali yangu, kijana mmoja mnunuzi akaingia. Fuawe ya mzee ni kipande cha reli kilichosimamishwa kwenye gogo, aliachiwa na baba yake. Wajukuu wawili wa mzee walikuwa wameshakubaliana bei.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hiyo ndoano ya mizani yako imelegea. Utapunja watu, au watu watakupunja wewe."

Kijana akaitazama. Mzee akaipokea, akaitia motoni, mjukuu mmoja akaambiwa avukute. Akaiweka juu ya ile reli akaipiga mara nne, akaichovya majini ikalia. Akamwambia malipo ni shilingi elfu mbili. Kijana akalipa, akaninginiza mizani mkononi kuijaribu, akaondoka na baiskeli bovu iliyokuwa imeegemea ukuta. Wajukuu wakamfuata njiani wakizungumza naye kwa sauti ndogo. Mzee akaniambia niendelee kuuliza.